Vitabu vinne vya ujauzito, hela ya viwili: nichukue vipi?

MamaKijacho_Moro:
Habari za jioni wadau. Nina mimba ya wiki 14, ya kwanza, niko Morogoro. Shemeji yangu anarudi Ijumaa kutoka Dar, nimempa elfu 60 anitafutie vitabu kwa wale wanaotandaza vya mitumba pale Posta. Leo kanitumia picha za vinne na anasema hela inatosha viwili. Kipo *What to Expect When You're Expecting* cha Heidi Murkoff, kinene kama tofali. Kipo *Expecting Better* cha Emily Oster. Kipo *Ina May's Guide to Childbirth*. Cha nne ni *Mahali Pasipo na Daktari*, kimechakaa, jalada limeshikiliwa na selotepu. Kiingereza hakinisumbui. Ila naishi na mama mkwe, na ana neno juu ya kila kinachoingia mdomoni mwangu. Mliovisoma nisaidieni, na tafadhali asiniambie mtu "nunua vyote".

Binti_Ughaibuni:
Hongera dada. Mimi niko Ohio, mwanangu wa pili nimemzaa huku, na cha Murkoff nilikuwa nacho kando ya kitanda miezi yote tisa. Kimepangwa mwezi kwa mwezi kwa maswali na majibu, kwa hiyo ukishtuka saa nane usiku kwamba ufizi unatoka damu, unafungua mwezi wako na swali unalikuta. Huku kilinifaa sana kwa sababu kinaeleza vipimo vilevile nilivyopimwa, kama kile cha sukari cha wiki ya 24 hadi 28 ambapo unanyweshwa kimiminika kitamu mpaka kinakera.

Mwambie shemeji afungue ukurasa wa mwanzo aangalie mwaka. Toleo la kwanza lilitoka 1984, la tano 2016. Yale ya zamani yana masharti ya chakula utadhani unaandaliwa kwenda jeshini.

BabaPacha:
Mimi ni mwanaume na nimekisoma, msinicheke. Nalinda usiku kwenye ghala, muda ninao. Mke wangu alikuwa analala, mimi nasoma, asubuhi namsimulia.

Nilipofika kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo hospitali nikaiandika kwenye karatasi nikaenda kununua. Muziki, soksi, vitafunwa, mto wako mwenyewe. Siku ya siku tumefika leba, nesi anauliza: mpira wa kutandika uko wapi? Glovu? Pamba? Kibanio cha kitovu? Kanga ngapi? Mimi nimeshika begi lina soksi na biskuti. Nilikimbia duka la dawa la ng'ambo ya barabara saa kumi alfajiri, nikarudi na kila kitu isipokuwa kanga. Kanga aliazimwa na mama wa kitanda cha jirani. Watoto wana miaka mitano sasa na ile kanga hatujairudisha, maana hatumjui.

Kitabu chenyewe ni kizuri, nisikikosee. Ila kimeandikwa kwa mtu ambaye hospitali yake ina kila kitu.

Shangazi_Kihonda:
Hahaha BabaPacha umenichekesha peke yangu kwenye daladala.

Mwanangu MamaKijacho, chukua kile cha selotepu. Nakwambia hivi kwa sababu ya huyo mama mkwe. Wangu alikuwa ananikataza mayai, eti mtoto atazaliwa kipara. Nimebisha mwezi mzima, sikufua dafu. Siku moja tunachambua mchele nikafungua *Mahali Pasipo na Daktari* kwenye sura ya wajawazito, nikawa nasoma kwa sauti kama najisomea tu. Akaacha ungo. Akasema hebu nione hiyo picha. Ni kitabu cha michoro, hata asiyejua kusoma anapata kitu. Aliutazama mchoro wa mama aliyevimba, akanyamaza, halafu akasema, "Hivi ndivyo alivyokuwa Zuhura wetu." Zuhura ni wifi yangu ambaye sikuwahi kumkuta. Siku ile ndiyo nilijua alikufa na nini.

Mayai sikuruhusiwa kwa maneno. Ila Jumapili yake nilikuta mawili yamechemshwa, yamefunikwa na kawa.

Kile cha Kiingereza ungekisomea wewe tu chumbani.

Mombasani_79:
Shoga, mimi nitasema juu ya cha Ina May maana hicho ndicho kilichonitesa. Si kibaya. Huyo mama ni mkunga maarufu wa Tennessee, na nusu ya kwanza ya kitabu ni visa vya wanawake wakisimulia walivyozaa, wengi kwa wakunga, bila dawa za kuzuia uchungu. Vinasomeka vitamu mno. Vilinitoa hofu ya uchungu kabisa, hilo siwezi kulikana. Nilikuwa nikienda nikijua mwili wangu unalijua jambo hili.

Kisha nikapasuliwa. Mtoto alikuwa amelala mkingamo, hapakuwa na njia nyingine. Wiki tatu baadaye nakitazama kile kitabu mezani najihisi nimefeli mtihani ambao wenzangu wote wamepita. Nilimpa dada mmoja wa mtaani, naye alikipenda, alizaa kawaida. Basi kisome ikiwa unaogopa uchungu, lakini kisiwe peke yake.

Na huku Kenya kliniki hutupa kitabu kabisa cha mama na mtoto, ni cha serikali, kinaanzia mimba mpaka mtoto atimize miaka mitano. Nyinyi hampewi?

MamaKijacho_Moro:
Sisi tunapewa kadi ya kliniki, dada. Ile RCH 4. Asanteni, nasoma kila jibu. Na cha Oster hakuna aliyekisoma?

Mhasibu_Makini:
Mimi hapa. Huyo Oster ni mwanauchumi, si daktari, kitabu kilitoka 2013. Alipopata mimba akachoka kuambiwa "usile hiki, usinywe kile" bila sababu, akaenda kuzisoma tafiti mwenyewe. Kama wewe ni mtu wa kuuliza "kwa nini" utakipenda. Kahawa kwa mfano, anakuonyesha ushahidi uko wapi na umeishia wapi. Kwenye pombe kidogo madaktari wengi walimpinga, na Shirika la Afya Duniani linasema usinywe kabisa, kwa hiyo hapo mimi sikumfuata.

Ila kwa hali yako? Malaria hamna. Nilimaliza kitabu kizima nikiwa naishi Ifakara. Kwa mtu wa Ifakara hilo ni pengo kubwa.

Mkunga_Mstaafu:
Nimekaa leba miaka 31, sasa nafuga kuku. Naomba niseme kidogo.

Hicho cha selotepu nakifahamu. Kiliandikwa kwanza kwa Kihispania, kwa wanavijiji wa milimani Mexico, ndiyo maana lugha yake haimtishi mtu. Dalili za hatari humo ziko wazi: kichwa kuuma kusikoisha, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu kutoka ukeni, homa. Hizo hazijabadilika na hazitabadilika. Lakini kurasa za dawa kwenye nakala za zamani ziruke. Zinataja klorokwini kwa malaria, na sisi Tanzania tuliiacha 2001. Ninyi sasa mnapewa SP, dawa ya kukinga malaria, kliniki, kuanzia mimba ikiingia mwezi wa nne, kila dozi ikipishana na nyingine si chini ya mwezi mmoja, angalau mara tatu. Kumezwa mbele ya nesi, si kwenda nayo nyumbani.

Murkoff chukua kama ni toleo jipya. Hao wawili waliobaki ni wa starehe, si vibaya, lakini kwa hela ya mawazo waache.

Shangazi_Kihonda:
Shikamoo mkunga. Basi nina wazo. Mwanangu, kile cha selotepu usikinunue hata. Mimi ninacho na niko hapahapa Morogoro, Kihonda. Wachapishaji wenyewe wameandika ndani kwamba ruksa kunakili mradi usifanyie biashara. Njoo Jumamosi tuende steshenari tupige kopi sura ya wajawazito tu, shilingi mia kwa ukurasa. Elfu 60 yako ibaki kwa Murkoff toleo jipya na hicho cha visa vya kuzaa kama roho inakitaka.

Mombasani_79:
Hapo umesema shangazi.

Mkunga_Mstaafu:
Marahaba, Kihonda. Na wewe mwanangu wa Morogoro, kabla ya Ijumaa kuna kitu cha kusoma unacho tayari ndani ya mkoba. Ile kadi. Wamama wanaibeba miezi tisa kama tiketi ya basi, ya kumwonyesha kondakta. Ifungue uniambie kumeandikwa nini kwenye presha na wingi wa damu.

MamaKijacho_Moro:
Shikamoo mama. Nimeifungua sasa hivi, kusema kweli sikuwahi kuisoma. Presha 110/70. Kundi la damu O+. Wingi wa damu 10.2. Halafu kuna mstari wa mwandiko wa daktari siuelewi.

Mkunga_Mstaafu:
Presha nzuri. Ikifika 140/90 ndipo tunakaa macho. Lakini 10.2 ni chini ya 11, hiyo damu imepungua. Ulipewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu?

MamaKijacho_Moro:
Nilipewa. Niliviacha wiki ya pili, vinanitapisha. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema.

Mkunga_Mstaafu:
Udongo unakula?

MamaKijacho_Moro:
…Kidogo. Ule wa kuchoma.

Mkunga_Mstaafu:
Uache, unazidi kukumalizia damu. Vidonge meza usiku ukishakula, ukielekea kulala, kichefuchefu kikupitie usingizini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Na usimezee chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tumia maji, au juisi ya chungwa. Jumatatu nenda kliniki useme ulikuwa huvimezi, wakupime tena. Atakayekufokea mvumilie, lakini sema.

MamaKijacho_Moro:
Sawa mama, leo naanza. Shemeji nimeshamwambia: Murkoff akikuta cha 2016, na cha Ina May, nitakisoma nikikumbuka maneno ya dada wa Mombasa. Shangazi, Jumamosi saa nne niko kwako, nitakuja na mama mkwe, amesema anataka kuona hizo picha.

Chai ya maziwa nayo haifai?

Mkunga_Mstaafu:
Nayo ni chai, mwanangu. Kunywa asubuhi.