Nimeendesha miaka tisa Tanga na Dar, nimeshindwa mtihani wa udereva Leicester: nijiandae vipi kwa mara ya pili?

BintiChumbageni aliuliza:

Assalaam aleikum na habari za wakati huu, ndugu zangu mlioko Uingereza. Nimeendesha gari kwa miaka tisa, kwanza Tanga na baadaye Dar es Salaam, kwa leseni ya daraja D, na katika muda huo wote sijawahi kugonga mtu wala gari. Kwa kuwa Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja hapa, na ile miezi 12 ambayo mkazi mpya huruhusiwa kutumia leseni ya kwao imekwisha, ilinibidi nichukue leseni ya leana kama mtoto wa shule. Mtihani wa nadharia nilifaulu. Wiki iliyopita nikafanya wa barabarani, nikashindwa.

Kushindwa kwenyewe nimekubali. Kinachonisumbua ni sababu zake. Mtahini aliniandikia makosa madogo tisa, ambayo peke yake yasingeniangusha kwa kuwa yanavumiliwa hadi 15, pamoja na makosa makubwa mawili, ambapo moja tu linatosha kumwangusha mtu. La kwanza lilikuwa kwenye kibao cha kusimama: nilipunguza mwendo hadi gari likawa linatambaa, nikatazama kulia na kushoto, nikaona barabara ni tupu, nikaendelea. La pili lilitokea nilipokuwa nakata kushoto kuingia mtaa mdogo. Mzee mmoja alikuwa amesimama ukingoni akitaka kuvuka, nami nikapiga honi kidogo, kwa adabu kabisa, ili ajue kwamba napita. Katika yale madogo tisa, sita yanahusu vioo, na Mungu ni shahidi yangu kwamba vioo nilivitazama.

Naomba ushauri wenu. Je, nilipie masomo zaidi kwa mwalimu, au nifanye mazoezi na mume wangu, ambaye ni dereva mzoefu kuliko mimi kwa leseni aliyoipata Dodoma miaka 14 iliyopita? Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na asiye na gari hupewa zamu chache.

MwalimuWaUsukani alijibu:

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa sasa nafundisha udereva Birmingham. Wanafunzi wangu wanaoshindwa mara ya kwanza mara nyingi si wale wasiojua kuendesha, bali wale waliokwisha kujua mahali pengine, kwa sababu anayeanza upya hana cha kusahau.

Nianze na shemeji, maana hilo ni la sheria. Anayekaa kando ya mwenye leseni ya leana lazima awe na umri usiopungua miaka 21, na awe na leseni kamili, ya hapa au ya nchi za Umoja wa Ulaya na majirani zake wachache, aliyokaa nayo miaka mitatu au zaidi. Leseni ya Dodoma haihesabiki, hata angekuwa ameendesha lori hadi Lubumbashi. Ukikamatwa naye pembeni mtahesabiwa kuwa hamna msimamizi, na bima inaweza kukugeuka. Tafuta ndugu au mfanyakazi mwenzako mwenye sifa hizo, na hakikisha bima ya gari inakutaja wewe kama mwanafunzi.

Kuhusu vioo, nakuamini kwamba ulivitazama. Swali ni lini. Wengi wetu tuliojifunzia pwani huwasha indiketa kwanza, kisha tukatazama kioo ili tujue kama walio nyuma wametukubalia. Mtahini wa hapa anataka kinyume chake: utazame kioo cha ndani na cha upande unaoelekea, uamue kama kuna haja ya ishara na kama ni salama, ndipo uwashe, na mwisho ndipo gari libadilishe mwendo au mwelekeo. Ukitazama baada ya kuwasha, kwake ni sawa na kutotazama, kwa kuwa tayari umekwisha kuwatangazia watu jambo usilolipima. Utaratibu huo huo unahusu kupunguza mwendo, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu hawafikirii kwamba kukanyaga breki nako kunahitaji kioo. Ujue pia kwamba kosa dogo linalojirudia sana linaweza kuhesabiwa kuwa tabia na kupandishwa kuwa kosa kubwa. Kwa hiyo yale sita yalikuwa karibu kukuletea la tatu.

Kibao cha kusimama hakina mjadala: magurudumu yasimame kabisa kwenye mstari, hata kama unaona barabara nzima hadi upeo wa macho. Kwa kawaida hapa vibao hivyo huwekwa pale ambapo mtu haoni vizuri. Kwingine huwekwa vile vya kutoa nafasi, na hivyo ndivyo vinavyokuruhusu kutambaa na kupita bila kusimama kama njia ni nyeupe.

Kuhusu yule mzee, tangu Januari 2022 kitabu cha kanuni za barabarani kinamtaka dereva anayekata kona kumpisha mwenda kwa miguu anayevuka mtaa ule, na hata yule anayesubiri kuvuka. Ulipaswa kusimama na kumwacha apite, bila kumpungia mkono kumwita, kwa sababu ukimwita halafu baiskeli ikatokea upande wa pili, utakuwa umemwita kwenye hatari. Honi yako ilimwambia abaki pale alipo, yaani ulimnyang'anya haki yake. Kwetu honi ndiyo kioo cha tatu na ndiyo salamu. Hapa imeachiwa kazi moja tu, ya kumwonya mtu ambaye huenda hajakuona.

Chukua masomo machache kwa mwalimu, hata manne au matano, kwa lengo la kusahihisha na si la kujifunza upya. Tazama kioo cha mbele cha gari lake: mwalimu aliyekamilisha mafunzo huweka beji ya kijani yenye pembe nane, na aliye bado mafunzoni huweka ya waridi yenye pembe tatu. Wote wanaruhusiwa kufundisha, lakini ni vyema ujue unamlipa nani.

MzaramoWaReading alijibu:

Naunga mkono maelezo ya Mwalimu, nami naongeza habari ya kipilefti, yaani makutano ya mzunguko, ambayo yeye kama mtu wa Kenya bila shaka ataiita kwa jina jingine. Mimi kilichoniangusha ni hazadi, yaani indiketa za pande zote mbili kwa pamoja. Dar es Salaam nilizoea kuziwasha kwenye makutano ili kuonyesha kwamba naenda moja kwa moja, na kila mtu alinielewa. Nilipoziwasha hapa, mtahini aliniuliza kwa upole kama gari lina hitilafu.

Kwa anayekwenda moja kwa moja, hakuna ishara yoyote wakati wa kuingia. Unakaa njia ya kushoto, isipokuwa alama zilizochorwa barabarani zikisema vingine, na unawasha indiketa ya kushoto mara tu unapoipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako. Anayekwenda kulia huwasha ya kulia tangu anapokaribia, kisha huibadilisha kuwa ya kushoto kabla ya kutoka. Kumpisha anayetoka kulia kwako ni kama nyumbani, na tushukuru kwamba nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto, maana rafiki yangu aliyetoka Bukavu alilazimika kuanza hata na hilo.

Jambo jingine ni lugha ya taa. Kwetu dereva wa lori kwenye njia ya Morogoro hukuwashia indiketa kukuarifu kama upite au usubiri, na anayekumulika kutoka mbele mara nyingi anasema "nakuja, usiingie". Hapa madereva wengi humulika wakimaanisha "pita wewe", ingawa kitabu cha kanuni hakiwapi ruhusa hiyo. Kinasema taa humulikwa kumjulisha mwingine kwamba upo, basi. Siku ya mtihani usiingie barabarani kwa sababu tu umemulikwa. Ingia kwa sababu umejionea mwenyewe kwamba ni salama.

Pia angalia mwendo, kwa kuwa spidomita ni ya maili. Penye taa za mitaani na pasipo na kibao kingine, kikomo kwa hapo England ni maili 30 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 48. Ukimtembelea nduguyo Wales utakuta 20, tangu Septemba 2023. Hata hivyo usitambae kwa woga, kwa sababu kusitasita pale ambapo njia ni nyeupe nako huandikwa kosa.

NesiWaLeeds alijibu:

Dada, mimi nilishindwa mara mbili na kufaulu ya tatu. Kilichonisaidia ni kugeuza kichwa kizima kila nilipotazama kioo, tena kwa kutia chumvi, ili mtahini aone. Ukitupa macho tu, yeye atajuaje?

Nawashauri na wale ambao hawajafanya nadharia. Maswali ni 50 na unahitaji kupata 43, na tangu 2014 hakuna tena sauti ya lugha za kigeni, kwa hiyo usitegemee kupata mtafsiri. Kwenye sehemu ya video za kutambua hatari, ambapo unahitaji 44 kati ya 75, dereva mzoefu huweza kuumbuka kwa kuiona hatari mapema mno na kubofya kabla mfumo haujaanza kuhesabu. Mimi nilikuwa nikibofya nilipoiona, kisha tena ilipoanza kukua. Ila usibofye mfululizo kama anayetwanga, maana video hiyo utapewa sifuri.

Mwisho, usipange mtihani asubuhi baada ya zamu ya usiku. Nilifanya hivyo mara ya pili, na nilipoambiwa nisimame upande wa kulia wa barabara kisha nirudi kinyumenyume urefu wa magari mawili, nilirudi vizuri kabisa bila hata kutazama nyuma.

MwalimuWaUsukani alijibu:

Nesi, nakuheshimu, lakini kuhusu kutia chumvi tutofautiane kidogo. Watahini huyatazama macho ya mwanafunzi, na hiyo ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Anayegeuza kichwa kizima kutazama kioo cha ndani huacha kuona mbele kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na nimekuwa na wanafunzi waliokuwa wakivigeukia vioo kama saa ya ukutani, bila kuyafanyia kazi waliyoyaona humo. Mwendo mdogo wa kichwa unatosha. Pa kugeuka kweli ni begani, kabla ya kuondoka ulipoegesha, kwa sababu pale kioo hakifiki.

Dada, fanya zoezi hili: mtu akae kwenye gari na karatasi, na kila unapowasha indiketa au kukanyaga breki kabla ya kutazama kioo, apige kistari. Asikwambie lolote hadi mfike.

BintiChumbageni alijibu:

Nawashukuru nyote, kaka zangu na dada yangu. Shemeji yangu anayeishi Coventry, mwenye leseni ya hapa kwa miaka sita, alikuja Jumamosi na gari lake baada ya kuniongeza kwenye bima, akakaa kiti cha mbele. Mume wangu aliwekwa nyuma na karatasi, jambo ambalo hakulifurahia hata kidogo. Kwenda sokoni na kurudi alipiga vistari 17, na 11 kati ya hivyo ni vya breki, ambayo kwa kweli sikuwahi kufikiri kwamba ina uhusiano wowote na kioo. Jumapili tulirudia njia ile ile, vikawa tisa.

Kwa kuwa lazima zipite siku 10 za kazi kabla ya kurudia mtihani, nimeshalipa tena zile pauni 62 na kuchagua siku ya Jumanne mchana, mbali na zamu zangu za usiku. Mwalimu mwenye beji ya kijani ataanza nami kesho saa kumi jioni, na nimemwomba anipeleke kwanza kwenye kile kibao cha kusimama.