Tupeane uzoefu: mada gani ya saa ya hadithi iliwashika watoto, na ipi iligoma?

Mwanzisha uzi, Moshi

Wakuu, habari za wakati huu.

Najitolea kuendesha saa ya hadithi Jumamosi asubuhi kwenye maktaba moja hapa Moshi, kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Kila wiki tunakuwa na mada moja: maji, soko, usiku, wageni. Wimbo, vitendawili, hadithi na kazi ya mikono vyote vinaizunguka hiyo mada. Najua humu wamo walimu wa awali, wakutubi, wazazi na mabibi wanaofanya kazi hii Arusha, Usa River, Machame, Himo. Naomba tusimuliane: mada ipi ilibeba, na ipi ilikataa hata ulipoiandaa vizuri?

Naanza mimi na mada ya mlima Kilimanjaro.

Mtoto wa hapa anauona mlima kabla hajanywa uji, mawingu yakiruhusu. Lakini wengi wao hakuna aliyewahi kuwasimulia lolote kuhusu huo mlima, zaidi ya kwamba una mita 5,895 na wageni wanakuja kuupanda. Nikachukua simulizi ya Wachaga ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima huo. Wazee wanaisimulia kwa namna nyingi. Mimi nilisimulia hivi: moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akamkuta anatwanga ndizi kavu kwenye kinu, akapewa kaa la moto na ndizi za kula njiani. Utamu ukamnogea. Akauzima moto makusudi, akarudi. Akapewa tena. Aliporudi mara ya tatu Kibo alichoka, akanyanyua mchi akamtwanga nao, na ndiyo maana mpaka leo kilele cha Mawenzi kimechongoka na kumegukameguka, wakati cha Kibo ni laini.

Nilikuwa na kinu kidogo, mchi, kipande cha mkaa, na bakuli la barafu. Barafu alinigandishia mama anayeuza barafu za ubuyu jirani, ila hizi zilikuwa za maji matupu. Bakuli likazunguka. Kuna kijana aliishika barafu yake mpaka maji yakamfika kwenye kiwiko, wenzake wanadai zamu, hataki kuachia. Nilipofika kwenye mchi, binti wa mbele akauliza: "Kwani mama yao alikuwa wapi?" Basi. Muda wote uliobaki ukaishia hapo. Wengine walisema mama alikwenda sokoni, wengine Mawenzi angeshtaki kwa bibi, mmoja akashikilia kwamba Kibo naye alipaswa kuchapwa. Kitabu nilichokusudia kusoma baada ya hapo sikukifungua, na sikuona hasara yoyote.

Iliyogoma ni mada ya majira manne ya mwaka. Tulikuwa na kitabu kizuri kilicholetwa na wafadhili kutoka nje: majani mekundu yanaanguka, watoto wamevaa glavu na makofia ya sufu. Watoto waliziangalia picha kwa adabu, wakanyamaza. Ukiuliza swali, kimya. Hawakuwa na la kusema. Msimamo wangu tangu hapo: mada iwe kitu ambacho mtoto amekishika, amekila, amekipanda au kimemtisha kabla hajafika kwangu. Hadithi ikishaanza, iende popote inapotaka.

Kwa ujumla natumia kama dakika 40, wadogo hawavuki hapo. Karibuni.

Mwalimu wa awali, Arusha

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi nafundisha darasa la awali na huwa nawapeleka watoto maktaba. Mada iliyowaka kuliko zote ni kifodi, yaani daladala ndogo.

Viti vinapangwa viwili viwili. Dereva anapewa sahani ya plastiki kuwa usukani. Konda anasimama mlangoni. Mimi nasimulia, gari linaondoka. Kituo cha kwanza anapanda Kobe, anachukua muda, abiria wanalalamika. Cha pili Twiga, inabidi dirisha lifunguliwe atoe shingo. Cha tatu Fisi, ananusanusa vikapu vya watu. Kila akipanda mnyama, gari zima linataja waliomo kuanzia wa kwanza: Kobe, Twiga, Fisi... Kumbukumbu inafanya kazi, hesabu inafanya kazi, na ubao sijaugusa. Nauli ni kadi yenye herufi, na hushuki mpaka uitamke sauti yake.

Darasa langu ni kubwa, kwa hiyo nusu wanakuwa abiria na nusu wanakuwa vituo. Kituo nacho kina kazi: kinapiga makofi gari likifika, na kinamwita mnyama wake.

Kuna binti ambaye darasani nilikuwa sijamsikia akijibu swali kwa sauti. Zamu ya ukonda ikamfikia. "Kwa Mrombo, Kwa Mrombo, wawili tu! Anti sogea, kaka pakata mtoto, twende suka!" Sauti ilijaa chumba. Mama yake anauza mboga soko la Kilombero na asubuhi wanapanda gari pamoja, kwa hiyo maneno yote alikuwa nayo siku zote, ilikosekana tu mada ya kuyatolea. Namuunga mkono mwanzisha uzi kwa asilimia zote.

Mama wa mtoto wa miaka mitano, Sombetini

Naomba niongee kama mzazi. Mwanangu ana usonji. Nyie mnaoandaa mada, mjue kwamba kwa mtoto kama wangu mada ndiyo inayomwezesha kufika. Dada anayeendesha saa ya hadithi tunakokwenda ananitumia picha kwenye WhatsApp jioni ya kabla: kikapu, au ndoo, au mwavuli, kitu kimoja tu kitakachotumika. Tunaiangalia nyumbani. Kama kitu hicho tunacho, anakibeba mwenyewe. Akifika pale anakuta kile alichokiona, hashtuki.

Jambo la pili, ana mkeka wake mdogo karibu na mlango. Akizidiwa na kelele anatoka, anatembea barazani, anarudi, na hakuna anayemfokea. Wiki ya mvua watoto walipiga vidole kwenye viganja kuiga matone, wakaenda kwenye makofi, wakaishia kwenye mapaja, kelele ikapanda kweli kweli. Alitoka. Mvua "ilipokatika" akarudi akakaa, akaanza kupiga vidole peke yake wakati wenzake wameshahamia kwenye kitabu. Dada akasimama akamsubiri amalize. Namshukuru sana.

Mkutubi mstaafu, Moshi

Wanangu, hongereni. Nimefanya kazi maktaba mpaka nikastaafu, naomba nitofautiane nanyi kidogo.

Mada mpya kila wiki ni nyingi mno. Mtoto wa miaka minne anataka hadithi ileile, kwa maneno yaleyale. Mara ya kwanza anasikiliza. Mara ya pili anajua Fisi atafanya nini na anacheka kabla. Mara ya tatu ukikosea neno anakurekebisha, na hapo ndipo lugha inapoingia. Ukibadilisha kila Jumamosi unamwondoa mezani kabla hajashiba.

Pia naona vifaa vinazidi. Kadi, vikaragosi, gundi, manila. Siku gundi ikikosekana mtu anaahirisha kipindi! Nenda kwenye rafu yenye namba 398.2, ngano ziko hapo. Chagua moja, isome nyumbani mpaka iwe yako, kitabu ukiache mezani, simulia kwa mdomo ukiwaangalia machoni. "Hadithi! Hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Mtoto akishajibu hivyo yuko ndani. Ukimaliza ndipo uwaonyeshe kitabu, uwaambie hadithi yao inaishi humu. Watakigombania.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Hoja ya kurudia nimeipokea, nitaishika mada wiki mbili: hadithi ya mdomo ibaki ileile, kitabu na kazi ya mikono ndivyo vibadilike. Kwenye vifaa sikubaliani nawe. Kuna watoto wanaokuja Kiswahili bado hakijawakaa vizuri, nyumbani ni Kichaga au Kimaasai. Huyo ukimpa kinu mkononi, neno "twanga" analipata bila kutafsiriwa.

Mjukuu wa Machame

Sisi tulimleta bibi yetu, na mada ilikuwa ndizi. Alikuja na vipande vya mikungu kutoka kihambani, shamba la migomba la nyumbani: mshare, ndizi ng'ombe, kisukari. Watoto walimwamkia, akaitikia, halafu akawauliza ipi ni ya mtori, supu ya ndizi. Nusu yao wakaonyesha kisukari, ndizi ya kula mbivu. Bibi alisikitika kabisa, hakuficha.

Akasimulia hadithi ya mtoto aliyetumwa kufungulia mfongo, yaani mfereji wa maji, usiku ili maji yafike kwenye migomba yao, akakuta jirani ameyageuza. Nyimbo za ndani ya hadithi aliziimba Kimachame, maelezo kwa Kiswahili. Hakuna aliyelalamika kwamba haelewi wimbo. Kufika ubeti wa tatu waliimba wote, wakiwemo wa Kipare na Kihindi. Mwisho akawafundisha kutengeneza mwanasesere kwa maganda makavu ya mgomba: unakunja, unafunga kiuno kwa kamba iliyochanwa palepale, unachambua chini iwe sketi. Hakuna mkasi wala gundi (mzee mkutubi, hiyo itakufurahisha).

Ushauri wangu: bibi msimpe dakika. Mpeni kiti kizuri na chai, kisha mtulie.

Baba wa Kijenge

Mada ya giza. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya kipindi kingine, jioni, mvua inanyesha. Mwendeshaji akaona asiahirishe, akatoa tochi ya simu, akaanza vivuli vya mikono ukutani. Watoto walipenda, isipokuwa wangu. Yeye giza halitaki hata kidogo, akaanza kulia.

Yule mwendeshaji hakumwambia "usiogope". Alimpa tochi. Akamwambia wewe ndiye mwezi, ukiuficha Sungura anajificha, ukiutoa Sungura anatoka. Hadithi nzima ikawa inamsubiri yeye. Sasa hivi nyumbani umeme ukikatika anadai simu yangu. Kwa hiyo kwenye zile mada za mwanzisha uzi, "kilichomtisha" ni mada nzuri, ila mtoto mwenye hofu ndiye apewe usukani.

Mgeni kwenye uzi, Tengeru

Nimesoma yote, ahsanteni. Naanza mwezi ujao na kikundi kidogo, vitabu ninavyo vitatu tu. Wenzangu mnapata wapi vya Kiswahili? Na nilitaka kuanza na mada ya punda, kwa sababu wanapita hapa kila asubuhi na madumu ya maji na watoto wanawajua kwa majina.

Mwalimu wa awali, Arusha

Karibu sana. Ingia kwenye tovuti ya African Storybook, kuna hadithi nyingi za Kiswahili za kupakua bure, zimepangwa kwa ngazi. Anza na zile zenye sentensi moja kwa ukurasa. Kama huna printa, fanya ninavyofanya: chora kila ukurasa kwenye manila nzima, andika sentensi kwa herufi kubwa, toboa pembeni, funga kwa uzi wa katani. Watoto wa nyuma wanaona, na kurasa zikichakaa unachora nyingine.

Punda ni mada nzuri mno. Ukiweza, mwombe mwenye punda mmoja asimame nje ya mlango dakika chache, watoto waguse masikio kabla ya kuingia, ila wasipite nyuma yake. Vitendawili unavyo? "Popoo mbili zavuka mto" wataipata haraka, ni macho. "Kuku wangu ametagia miibani" itawasumbua, jibu ni nanasi, kwa hiyo nenda nalo kwenye kapu ulifunike na kanga. Madumu yasiwe na maji, watakapoanza kuyabeba mgongoni utanielewa. Ukimaliza kipindi cha kwanza rudi utuambie iliendaje.