Naomba ushauri: waya wa koili ya mashine ya kukaushia nyama umeungua

Wakuu, habari za majukumu. Niko Mwanga, Kigoma. Nina mashine ya umeme ya kukaushia nyama kwa moshi, wati 1500. Waya unaoingia kwenye koili umeungua pale kwenye skrubu: plastiki imeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi, ukiigusa inakatika. Koili nimeipima kwa mita, inasoma omu 35, kwa hiyo naona ni nzima. Fundi wa mtaani anataka kuunga kwa risasi na kuzungushia tepu. Sijakubali, maana kwa joto lile risasi si itayeyuka tu? Nafikiria waya wa pasi, ule wenye kitambaa, na konekta ya udongo. Milimita 1.5 inatosha? Na huku vinapatikana, au niagize Dar? Oda za wateja zimelala.