Naomba ushauri: Zoom na WhatsApp nivichanganye vipi darasani?

Habari zenu wakuu. Nafundisha uhasibu wa mwanzo mtandaoni kwa watu walio kazini. Wapo Mbeya, wapo Mwanza, na wengine Muscat, ambao saa yao imetutangulia kwa saa moja. Kipindi cha moja kwa moja ni saa mbili usiku kwa Zoom ya bure, ile inayokata dakika ya 40. Somo la urari (jedwali la kuhakiki kuwa jumla ya debiti na ya krediti ni sawa) huishia hewani, debiti na krediti bado hazijalingana!

Nikiwatumia rekodi, video inakula bando, hawaifungui. Noti za sauti za WhatsApp wanazisikiliza hata kwenye daladala, ila swali la maana linazama chini ya "asante mwalimu" lukuki.

Nafikiria kugeuza: maelezo yatangulie kwa sauti na picha ya daftari, Zoom ibaki ya maswali na mazoezi. Hofu yangu ni wale watakaoingia bila kusikiliza, wakodoe macho tu.

Mliowahi kufanya hivi, mliwabanaje wajiandae? Na maswali ya katikati ya wiki mnayaweka wapi yasipotee: Telegram, au majukwaa ya masomo mtandaoni kama Google Classroom au Moodle? Wengi wanatumia simu tu, kompyuta hawana.