Tupeane uzoefu: nani anaoka Schwarzwälder Kirschtorte nyumbani?

MamaNasra (Hamburg): Habari za wikiendi wapendwa. Leo tukusanye uzoefu wa keki moja tu: ile ya Wajerumani yenye tabaka za chokoleti, krimu na cheri, ambayo kwenye maduka ya keki Dar na Nairobi tunaijua kama Black Forest. Naanza mimi. Kwangu roho ya keki hii ni cheri chachu. Huku natumia Schattenmorellen, zinauzwa kwenye chupa pamoja na maji yake. Zile cheri nyekundu za kung'aa zilizolowekwa kwenye shira ni tamu mno. Ukizichanganya na krimu na chokoleti, unakula sukari tupu. Nazichuja, maji yake nayachemsha na wanga wa mahindi na kijiti cha mdalasini mpaka yawe mazito, halafu narudisha cheri na kuzigeuza taratibu zisipondeke. Zipoe kabisa kabla hazijakutana na krimu. Nyie mnafanyaje?

Shangazi wa Freiburg: Mwanangu, umeanza penyewe. Mimi Schwarzwald, yaani ule Msitu Mweusi wenye jina la keki hii, iko mlangoni kwangu, na huku keki isiyo na Kirschwasser hawaitambui kwa jina hilo. Ni pombe kali ya cheri, nyeupe kama maji, na miongozo ya Ujerumani inataka ladha yake isikike wazi mdomoni. Naichanganya na shira nyepesi, nanyunyizia kila tabaka.

Ila kazi kubwa iko kwenye mayai. Kwa bati la sentimita 26 natumia mayai 6, sukari gramu 180, unga wa ngano 120, wanga 50 na kakao 40. Siweki hamira yoyote. Keki inabebwa na hewa ya mayai peke yake. Napiga mayai na sukari mpaka povu liwe jeupe na zito, ukiinua mchapo linadondoka kama utepe na utepe unakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo ndipo nachekecha unga na kakao juu yake na kukunja kwa mwiko mpana, mkono mwepesi. Oveni nyuzi 180, kama dakika 30 hivi. Naioka jana yake, maana keki ya moto haikatiki tabaka, inamomonyoka.

Kaka Bonn: Shangazi, shikamoo. Watu wengi hawajui kwamba anayetajwa sana kuwa mbunifu wake, Josef Keller, alisema aliitengeneza mwaka 1915 Bad Godesberg, hapa hapa Bonn, mbali kabisa na Schwarzwald. Watu wa Tübingen nao wanadai ni yao. Mimi krimu naiweka friji pamoja na bakuli na mchapo. Chagua yenye mafuta asilimia 30 au zaidi, chini ya hapo haisimami.

Ummu Salim (Mombasa): Assalaam alaykum. Sisi pombe hatutumii, na keki inatoka tamu mashaallah. Maji ya cheri nayachemsha yapungue nusu, nakamulia ndimu, natia matone mawili ya arki ya lozi. Jaribuni hiyo arki! Harufu ya kokwa ya cheri na ya lozi ni jamaa moja, kwa hiyo ile harufu ya Kirschwasser unaisikia kwa mbali. Kwa joto letu krimu naitia jelatini ya ng'ombe kidogo, na keki haitoki friji mpaka wageni wameshakaa.

MamaNasra: Waalaykum salaam dada, hiyo ya arki naichukua. Swali kwa shangazi: tabaka la chini halilowi likavunjika wakati wa kukata?

Shangazi wa Freiburg: Marahaba Kaka Bonn. MamaNasra, mafundi wa huku chini kabisa wanaweka duara jembamba la unga uliokandwa na siagi na sukari, limeokwa mpaka likauke kama biskuti. Paka jemu ya cheri juu yake, kisha kandamiza tabaka la kwanza la chokoleti. Linabeba keki nzima, na kipande kinainuka kizima kwenye sahani. Chokoleti ya juu kwarua kwa kisu cha kumenyea viazi, na keki ilale friji usiku mmoja. Kisu chovya maji ya moto na ukifute kila unapokata.