Mjadala: Miradi ya vijana ya kiangazi katika Django ichaguliwe kwa ubora wa wazo au kwa uwepo wa mlezi?

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta swali ambalo hurudi kila mwaka ifikapo Machi, na ambalo watunzaji wa Django hawajawahi kulimaliza. Django ni kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Kilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti moja la Lawrence, Kansas, na kikaachiwa huria mwaka 2005. Mwaka huo huo Google ilianzisha Summer of Code, mpango unaowalipa vijana posho ili waandike msimbo wa programu huria chini ya mlezi, yaani mzoefu wa mradi anayewaongoza, katika miezi ya kiangazi cha nchi za kaskazini. Utaratibu wake hauna mafumbo: mwombaji huandika pendekezo, watunzaji wa mradi huyapanga mapendekezo kwa ubora na kuomba idadi fulani ya nafasi, kisha Google huamua ni ngapi zitatolewa. Ugomvi uko kwenye kule kuyapanga.

Msimamo wangu ni kwamba swali la kwanza lisiwe wazo ni zuri kiasi gani, wala mwombaji ana kipaji kiasi gani. Liwe hili: ni nani atakayekuwa bado anaisoma kazi hii mwezi Desemba, miezi minne baada ya posho kwisha? Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sijaona mahali ambapo maneno hayo yanatimia kama katika msimbo.

Tazameni miradi iliyofaulu. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja aliandika uwezo wa kujumlisha, kuhesabu na kutafuta wastani ndani ya hifadhidata bila kuandika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa mkono. Kiangazi kikaisha, lakini kazi yake iliingia kwenye msimbo mkuu Januari 2009 na kuwafikia watumiaji katika toleo la 1.1, Julai mwaka huo. Mwaka 2009 Alex Gaynor aliandika uwezo wa kutumia hifadhidata zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ukaunganishwa Desemba na kutoka katika toleo la 1.2, Mei 2010. Mlezi wa mradi wa 2008 alikuwa Russell Keith-Magee, na ni yeye aliyeiunganisha kazi ya miradi yote miwili katika msimbo mkuu. Ni yeye pia aliyeunganisha mradi wa 2013 uliozaa ukaguzi wa mfumo tunaouona kila tunapowasha seva, na aliyelea ule wa 2014 uliorasimisha kiolesura cha Meta, njia ya kuziuliza modeli (maelezo ya data yaliyoandikwa kwa Python) zina sehemu zipi. Sidhani kama ni bahati.

Sasa tazameni mwaka 2010. Gaynor yule yule, akiwa na kipaji kile kile na sasa akiwa na uzoefu wa mwaka mzima, alirudi na mradi wa kuiwezesha Django kuzungumza na hifadhidata zisizo za SQL. Msimbo uliandikwa, lakini haukuingia katika Django. Kama kipaji kingetosha, huo ndio ungekuwa mradi wa kwanza kuingia.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada ametuwekea mifano mizuri, lakini naona imechaguliwa kwa mkono unaojua unakokwenda. Ningependa anijibu jambo moja: mwaka 2009, kabla mtu yeyote hajajua kwamba hifadhidata nyingi zitafaulu, kipimo chake kingeutofautishaje mradi ule na wa 2010? Yote miwili iligusa mizizi ya sehemu inayotunga maswali ya hifadhidata, na yote miwili ilikuwa mikubwa kuliko kiangazi kimoja. Kipimo kinachoonekana sahihi baada ya matokeo kutoka si kipimo.

Hofu yangu nyingine ni hii. Tukichagua tu kile ambacho mlezi aliyepo ana hamu nacho, tutakuwa tunachagua ladha za watu watano au sita. Na kazi isiyounganishwa si lazima iwe imekufa. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi wa kubadili jinsi fomu zinavyochorwa kwenye ukurasa. Haukuingia. Hata hivyo sehemu ya mawazo yake ilipata makao katika kifurushi cha nje kiitwacho floppyforms, na mwaka 2017, toleo la 1.11 lilipoanza kuchora vipengele vya fomu kwa violezo, lilikuwa likitembea katika njia ambayo kifurushi hicho kilikuwa kimeifyeka. Kwa kipimo cha mleta mada, mradi ule ulifeli. Kwa kipimo changu ulichelewa.

Mchangiaji wa pili

Nawashukuru kaka zangu wote wawili, ila nataka kuuhamisha mjadala hadi mahali ambapo hamjafika, yaani mlangoni.

Mnazungumza kana kwamba mapendekezo yote hufika mezani yakiwa sawa. Hayafiki. Katika miradi mingi ya programu huria, mwombaji asiyekuwa ametuma hata marekebisho mawili madogo kabla ya Machi hasomwi kwa makini. Najua sababu, na siikatai: mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayeomba kubadili msimbo wa watu aonyeshe kwanza kwamba anaweza kuendesha majaribio yake na kukubali kusahihishwa. Lakini kuinama kuna gharama. Mwaka niliotuma ombi langu, kwa mradi ambao sitautaja, marekebisho yangu ya kwanza yalikaa wiki saba bila kujibiwa hata neno. Nilipokuja kujibiwa, muda wa maombi ulikuwa umepita. Aliyepata nafasi alikuwa akiwajua watunzaji kwa majina tangu mwaka uliotangulia. Simwonei kijicho, alistahili, ila tusiuite huo ushindani wa mawazo.

Kisha kuna kalenda. Hicho kinachoitwa kiangazi ni kipupwe chetu, na jina ni dogo kuliko tatizo lenyewe. Vyuo vingi vya Tanzania hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba, na muhula wa pili hufika Julai pamoja na mitihani yake, wakati kazi ya msimbo huanza mwishoni mwa Mei au mapema Juni. Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Dodoma aliyeahidi saa arobaini kwa wiki mwezi Juni alikuwa ama anadanganya au anajiandaa kufeli. Mwaka 2022 mambo yalilegezwa: mpango ulifunguliwa kwa mtu yeyote aliyetimiza miaka 18 aliye mgeni katika programu huria, hata asiyekuwa mwanafunzi, kukawa na miradi ya saa 175 na ya saa 350, na muda ukaweza kunyooshwa kutoka wiki 12 hadi 22. Mwaka 2024 ikaongezwa miradi ya saa 90. Posho nayo hutofautiana kwa nchi. Kwa saa 350 zile zile, imekuwa kati ya dola 3,000 na dola 6,600 kulingana na gharama za maisha. Nayajua maelezo ya wahasibu, lakini kompyuta niliyonunua sikuuziwa kwa bei ya gharama za maisha.

Sisemi tugawe nafasi kwa huruma. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, na mwaka 2025 ukaja Arusha, kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba watu hawapo. Nasema kwamba mlezi wa mleta mada, yule atakayekuwepo Desemba, awepo pia Januari kabla ya maombi. Kama hana muda wa kujibu marekebisho ya mgeni mwezi huo, atapata wapi muda wa kumlea Julai?

Mchangiaji wa tatu

Nachangia kwa ufupi kama mtu anayekagua msimbo kwa kujitolea, usiku, baada ya kazi inayonilipa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mmoja hapa anampangia mlezi kazi. Tangu mwishoni mwa 2014 taasisi inayosimamia Django huwalipa watu wachache wanaopanga tiketi (ripoti za hitilafu na maombi ya mabadiliko), kukagua marekebisho na kutoa matoleo, na kila kazi ya kiangazi isiyokamilika huishia mapajani mwao. Juu ya hapo, siku hizi napokea mapendekezo ya kurasa kumi na tano yaliyonyooka kama tangazo la benki, ambayo ukimwuliza mwandishi wake faili moja tu aliyoitaja iko wapi, hajui. Napendekeza nafasi ziwe chache, hata moja, na mwaka ambao hakuna mlezi tusiombe nafasi kabisa. Kutoomba si aibu.

Mleta mada

Nianze na dada aliyehamisha mjadala mlangoni, kwa sababu amenibadilisha. Kipimo changu kilianzia kwenye siku ya kuchagua. Cha kwake kinaanzia nyuma zaidi, na ndicho sahihi. Mpango wa Djangonaut Space, ambao huwachukua wageni kwa wiki nane katika vikundi vidogo na kuwafundisha kuchangia, unafanya kazi hiyo ya mlangoni. Ningependa kuona aliyepita huko akisomwa kwa makini sawa na yule anayewajua watunzaji kwa majina.

Kwa mchangiaji wa kwanza: nakubali kwamba kipimo changu kisingeutabiri mwaka 2010 kwa uhakika. Ila kingeuliza swali ambalo ukubwa wa wazo hauulizi, nalo ni watu wangapi wanaweza kuusoma msimbo huu na kusema ni sahihi. Mwaka 2006 kijana alipewa kazi ya kubadili muundo wa majedwali kadiri modeli zinavyobadilika, jambo ambalo kila mtumiaji alilihitaji. Lilikuja kuingia katika toleo la 1.7, mwaka 2014, baada ya Andrew Godwin, aliyekuwa ameijaribu njia hiyo kwa miaka katika kifurushi chake cha South, kuchangisha fedha kutoka kwa watu wa kawaida mwaka 2013 ili aifanye kazi hiyo kwa utulivu. Wazo lilikuwa zuri tangu siku ya kwanza. Halikuwa kazi ya kiangazi.

Linganisha na mwaka 2021, ambapo mwanafunzi aliomba kuongeza njia ya kuhifadhi kashe (nakala za muda zinazoharakisha tovuti) katika Redis, hifadhi ya data inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mipaka ilijulikana, vifurushi vya nje vya kuigwa vilikuwepo, na ilitoka katika toleo la 4.0 Desemba mwaka ule ule. Kati ya hizo mbili kuna kazi ya 2020 ya kuendesha majaribio sambamba kwenye Windows na macOS, ambayo ilitoka mwaka 2022 katika toleo la 4.1 baada ya watu wengine kuipokea na kuikamilisha. Hiyo siihesabu kama kushindwa kwa mwanafunzi. Ila kama tungejua mapema kwamba itahitaji mikono mingine, tungeitaja mikono hiyo katika pendekezo.

Mchangiaji wa kwanza

Basi tuandike hivyo: kila pendekezo liwe na majina ya walezi wawili, wa pili akiwa ameahidi kwa maandishi kuipokea kazi kama wa kwanza ataugua, atachoka au atapata mtoto. Kwa sharti hilo naweza kuukubali mradi mkubwa, na wewe unaweza kuukataa mdogo usio na mtu.

Mchangiaji wa tatu

Wa pili umpate wapi, ndugu yangu? Wa kwanza tu tunambembeleza.

Mchangiaji wa pili

Kwa waliopita kiangazi cha mwaka jana. Mimi hawajanichagua, lakini yule aliyechaguliwa badala yangu anaijua sehemu ile ya msimbo kuliko wengi wenu sasa. Je, kuna aliyemwuliza?