Naombeni ushauri: tuchukue hii boti ya ringi au tuiache? Nahodha anataka avulie Mbudya

Mkaanga Vibua (mwanzisha uzi)

Shkamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Mimi ni mama, nakaanga samaki Feri, soko la samaki la Dar, nanunua mnadani alfajiri nakaanga nauza mpaka jioni. Tuko kikundi cha akina mama, wengi wakaangaji kama mimi na wengine wanauza dagaa, tumecheza mchezo muda mrefu hela imekaa vizuri, safari hii tukasema tusigawane, tununue boti yetu wenyewe maana sisi ndo tunajua bei ya samaki inavyopanda na kila siku anayepata ni mwenye chombo na dalali.

Tumepata mzee Kunduchi anauza boti ya faiba, injini ipo, taa za sola zipo, na nyavu ya ringi, ile ya kuzungushia kundi la samaki. Anauza na nahodha wake, yaani kama tukitaka yule nahodha na vijana wake wanaendelea na kazi. Boti nimeiona kwa macho ni nzima. Shida imekuja tulipokaa na nahodha kupiga hesabu. Akasema mkitaka hela yenu irudi fasta mniache nishushe nyavu usiku kule nyuma ya kisiwa cha Mbudya, samaki wamejaa kule, na siku za mwezi mkubwa vijana hawakai bure wanavuta juya, ile nyavu ya kukokota, ufukweni. Nikamuuliza si tunasikia kule Mbudya ni hifadhi? Akasema mama hayo ni mambo ya kuongea tu, doria wakija tunaelewana nao huko huko.

Wenzangu nusu wamekubali, wanasema kila mtu anafanya hivyo. Mimi roho imekataa. Nimekaa kwenye samaki miaka mingi, uvuvi haramu nimeshaona unachofanya. Samaki aliyevuliwa kwa baruti namjua hata umfiche chini ya tenga. Ukimshika mgongoni analegea kama hana mfupa, ukimpasua unakuta damu imevilia pembeni ya uti na tumbo la ndani limechanika, ukimtia kwenye mafuta anamomonyoka, mteja anapewa makombo. Kuna kipindi samaki wa hivyo walikuwa wengi mpaka unachagua tenga zima hupati wa maana. Sasa sitaki kuja kuwa mimi ndo mwenye chombo kinachomaliza samaki ambao ndo wanaonilishia watoto.

Ninachoomba kujua: sheria inasemaje kuhusu ringi na juya, Mbudya inaruhusiwa au hairuhusiwi, chombo kikikamatwa sisi akina mama tulioko nchi kavu tunaingiaje, na makaratasi gani tumdai yule mzee kabla ya kutoa hela. Anataka jibu wiki ijayo. Ahsanteni.

Msasani Damu

Mama nunua boti ufanye kazi. Hizi sheria zimetungwa kwa ajili yetu sisi wenye vyombo vidogo, meli za wageni zinakomba huko nje hakuna anayezigusa, mvuvi wa Msasani akikutwa na kipande cha nyavu inachomwa moto mbele ya watoto wake. Nimezaliwa pwani, babangu alikuwa anavua hapo hapo Mbudya na Bongoyo, leo naambiwa ni ya watalii.

Bwana Samaki Mstaafu

Dada yangu Mkaanga Vibua marahaba. Nimefanya kazi ya uvuvi huko pwani mpaka nimestaafu kwa hiyo naomba unisome vizuri hata kama nitakuwa mrefu.

Kwanza Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitangazwa kuwa maeneo tengefu tangu mwaka 1975, siyo jambo la juzi. Baadae ikaja Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, na visiwa vya upande wa kusini kule Sinda na jirani zake navyo vikaingizwa. Eneo tengefu maana yake hakuna kuvua, iwe ringi iwe mshipi iwe dema. Watalii wanaenda kuogelea na kula samaki lakini yule samaki wanayemla hakutakiwa kuvuliwa pale. Kwa hiyo huyo nahodha anachowaambia siyo mambo ya kuongea tu, ni kosa, na sisi wa idara tulikuwa tunajua kabisa kina nani wanazima taa wakifika kule.

Pili juya. Juya la kukokota ufukweni limekatazwa kabisa chini ya kanuni za uvuvi za 2009 ambazo zinatoka kwenye Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Halina masharti kwamba ukifanya hivi linaruhusiwa, hapana. Sababu yake nenda siku moja uangalie wakilivuta, linakuja na majani ya bahari yameng'oka, vichanga vya changu na tasi vidogo kama ukucha, wote wanatupwa mchangani. Pale kwenye majani ndo wanapokulia.

Tatu ringi yenyewe. Ringi siyo haramu, msije mkatishwa tamaa. Ila ina masharti, usiivue mchana na usiishushe kwenye maji ambayo hayafiki kina cha mita 50. Ringi ni nyavu ya kuzunguka kundi la samaki kwenye maji makubwa, vibua, dagaa, jodari wadogo, huko inafanya kazi yake vizuri. Ukiileta juu ya mwamba inakula kila kitu na mwisho inachanika, hasara inakuwa yenu. Na macho ya nyavu lazima yapimwe, msiamini maneno ya muuzaji, mwambieni afisa uvuvi wa kata aje na kipimo chake aipime mkiwa mmesimama pale.

Swali lako la nchi kavu: chombo ndo kinachokamatwa. Mahakama ikiona kosa limethibitika inaweza kutaifisha boti, injini na nyavu, na haitaangalia kwamba hela ilikuwa ya mchezo wa akina mama.

Dada Dagaa

Shoga mimi nimeweka hela kwenye chombo kabla yako ngoja nikwambie la hesabu maana hawa wanaume wamekimbilia sheria tu. Huyo nahodha amekupigia hesabu ya mwezi mzima eti? Ringi ya taa inafanya kazi siku za giza. Mwezi ukikua samaki hawaji kwenye taa, mbalamwezi imetanda bahari nzima taa yako inaonekana wapi, vijana wanapumzika wanatengeneza nyavu. Halafu upepo wa kusi ukianza kuchafuka hapo katikati ya mwaka kuna siku boti haitoki kabisa na mafuta umeshanunua. Ukiondoa mafuta, chakula, mgao wa mabaharia, ushuru, matengenezo, ndo unajua kilichobaki. Ukikuta hesabu yake inakubali tu kwa kuvua Mbudya na juya basi bei ya hiyo boti ni kubwa mno, mshushie. Usikubali hifadhi ndo iwe inalipa deni la yule mzee.

Msasani Damu

Bwana Samaki sijakataa kwamba juya baya. Nauliza meli kubwa. Hizo nani anazishika?

Bwana Samaki Mstaafu

Swali la haki hilo na nalijibu kwa heshima. Bahari yetu mpaka maili 12 ni bahari ya nchi yenyewe, kutoka hapo mpaka maili 200 ni ukanda wa kiuchumi, na huko kuna Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ofisi yake iko Zanzibar, inatoa leseni kwa meli zinazofuata jodari. Umesahau samaki wa Magufuli? Machi 2009 meli ya kigeni Tawariq 1 ilikamatwa na karibu tani 300 za samaki, Magufuli akiwa waziri, samaki wakagawiwa. Kesi ilienda mpaka hukumu 2012 na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua, iliniuma sana kwa sababu kazi ya kumkamata mtu baharini usiku ni ngumu halafu inaanguka mezani. Na zile meli za kukokota kamba, ambazo wavuvi wa Rufiji na Bagamoyo walilalamika miaka zinawakatia nyavu, serikali ilizisimamisha 2007 kwenda 2008 kwa sababu kamba walikuwa wamepungua. Kwa hiyo hawaguswi siyo kweli. Hawaguswi vya kutosha, hapo tuko pamoja, na mimi nilisema hivyo hivyo nikiwa kazini.

Lakini kijana wangu, mgeni kukomba maili 100 huko hakumfanyi changu wa Mbudya azaliane. Hayo ni mambo mawili tofauti, tusiyachanganye.

Mzamiaji wa Kigamboni

Nazamia mara nyingi upande ule wa Mbudya na Bongoyo. Kuna sehemu chini bado mashimo ya baruti yanaonekana, duara la matumbawe yaliyovunjika vipande vipande kama kokoto na hakuna samaki anayekaa pale, mita chache pembeni penye mwamba mzima unakuta chewa, pono, makundi ya vibua yanapita juu. Mwaka 2015 kuna watafiti waliburuza vinasa sauti majini pwani yote ya Tanzania wakanasa milipuko zaidi ya 300 na zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar hapa kwetu. Baada ya hapo vyombo vya dola viliingia kwa nguvu na sasa hivi unaweza kuzamia muda mrefu usisikie mlipuko. Matumbawe ila hayarudi haraka. Samaki wanaokua ndani ya hifadhi wanatoka nje wenyewe wanakuja kwenye nyavu za watu huko kwenye maji makubwa, sasa ukiwafuata ndani unakula mbegu.

Wakili Pwani

Dada nakuandikia kwa ufupi niko safarini. Mdai muuzaji: usajili wa chombo, namba yake iwe imeandikwa ubavuni na ifanane na iliyopo kwenye karatasi, leseni ya uvuvi ya chombo, ukaguzi wa usalama wa TASAC (shirika la serikali la mambo ya meli), waulize maboya ya kuvaa yako mangapi na mabaharia wangapi, barua ya BMU ya Kunduchi (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) kwamba chombo hakina kesi wala deni. Hilo la mwisho ndo watu wanasahau, unanunua boti kumbe ina kesi. Nahodha na vijana nao kila mmoja awe na leseni yake ya mvuvi. Mauziano yaandikwe kwa jina la kikundi siyo jina la mwenyekiti.

Hilo la "tunaelewana huko huko" usilikubali hata kidogo. Kama kuna kosa sheria inaruhusu mtu akikiri kwa maandishi amalizane na idara bila mahakama, lakini unalipa kwa kontro namba na unapewa risiti ya serikali. Hela ya mkononi baharini haimalizi kosa, na wewe mwenye chombo unakuwa umeongeza kosa la rushwa juu yake.

Fundi Nyavu

Mama ukipata hiyo nyavu niambie ina macho gani na uzi namba ngapi. Kama ni ile ya plastiki inayong'aa, uzi mmoja usiosokotwa, usiitoe hata ndani ya stoo, imekatazwa. Ikikatika baharini haiozi inaendelea kuua samaki na kasa.

Pweza Mia Tano

Niongeze tu, kama ringi itawashinda kuna njia nyingine. Huku Songosongo na Mafia vijiji vinafunga miamba ya pweza kwa makubaliano, wanakaa miezi hawavui, siku ya kufungua wanatoka pweza wakubwa. Sheria yenyewe inakataza kuvua pweza chini ya nusu kilo. Wanawake wengi wanaingia humo kwa mtaji mdogo. Najua siyo Dar ila nyie mnanunua, mnaweza kuchukua mzigo siku za kufungua.

Mkaanga Vibua

Mungu awabariki wote mpaka machozi. Nimewasomea wenzangu uzi huu kwenye simu jana jioni tukiwa tunaosha makarai. Yule aliyekuwa anaongoza upande wa Mbudya alinyamaza aliposikia la kutaifishwa, halafu akauliza la giza na mbalamwezi maana hata sisi hatukuwa tumelipiga vizuri pamoja na kwamba tunaona Feri samaki wanavyopungua mwezi ukiwa mkubwa.

Tulipofikia ni hivi. Nimempigia mzee, nimemwambia tunamtaka afisa uvuvi apime nyavu na tunataka barua ya BMU. Kwenye nyavu amesita, kwenye barua amekubali. Bei tumemwambia tutarudi baada ya kupima. Nahodha hatumchukui, tumeamua, hata kama boti tutaichukua. Msasani Damu nimekusikia mwanangu na mimi baba yangu alikuwa mvuvi, hasira yako naijua, lakini sitaki vijana wangu wazime taa wakipita kisiwa.

Sasa naomba mawili ya mwisho. Kama kuna anayemjua nahodha wa ringi aliyezoea kuvua maji makubwa, asiwe mtu wa dago, wale wa kambi za kuhamahama, awe mkazi wa huku Kunduchi au Ununio, aniandikie faragha. Na la pili, Dada Dagaa au yeyote, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake inakubali kununua injini au ni ya biashara ndogo tu? Sisi kikundi tumeshasajiliwa, na injini ya yule mzee fundi kaisikiliza anasema haina maisha marefu.

Dada Dagaa

Inakubali shoga, ile haina riba. Andikeni andiko, muoneshe boti ni ya kikundi na leseni mnayo, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Njoo faragha nikutumie mfano wa letu.